Sindano Nazijua

Sindano nazijua.
Miaka thelathini na mitatu wodi ya watoto, pale Russia,
nimedunga nusu ya matako ya Kisumu,
na baadhi yake leo yamekalia viti vya bunge la kaunti.
Basi kijana wa duka la vioo asinitishe
na "Mama, hii ncha ni ya almasi,"
kana kwamba amekuja kuniposa.

Kinanda chake ni cha sanduku, chekundu,
chepesi kama mkoba wa harusi,
spika zimo tumboni, elfu kumi na mbili, hapunguzi.
Niliuinua mkono wake kwa kidole kimoja.
Mzito! Unaikandamiza sahani
kama mwanafunzi wa uuguzi siku ya kwanza:
anamwogopa mtoto, ndiyo maana anachoma kwa nguvu.
Nikasema nitarudi. Sikurudi.

Sahani ni arobaini na moja,
za Zedekia, karani wa reli, Mungu amlaze.
Zimekaa sandukuni chini ya kitanda, na dawa ya nondo,
tangu stima ya Nyalenda ilipokiunguza kinanda chetu.
Tatu zimepinda kwa joto
kama chapati za mtu mwenye haraka.
Moja ina alama za meno. Ya Awino, akiwa na miezi minane.

Kibuye, nyuma ya maseremala wa vitanda,
fundi Nyambok hauzi kinanda. Anauza viungo:
sinia kutoka kwa maiti hii, mkono kutoka kwa ile,
mkanda wa mpira alioukata mwenyewe kwa wembe,
kikuza sauti kinachonuka vumbi la kukaangwa,
spika mbili zisizo ndugu,
moja imestaafu kanisani Ahero,
ya pili hakumbuki aliitoa wapi.
"Unataka sauti safi," akaniuliza,
"au unataka ile sauti yenu?"
Mtu huulizwa hivyo sokoni?
Nilivuta kigoda, nikaomba kwanza nipime mapigo.

Nikabandika plasta ukingoni mwa sinia,
nikaishika saa yangu ya kifuani,
nikahesabu plasta ikipita. Arobaini na mbili kwa dakika.
"Mgonjwa amechoka. Anatakiwa arobaini na tano."
(Binadamu mwenye arobaini na tano ningemwitia daktari mbio.)
Nyambok akakaza skrubu. Arobaini na nne. Akakaza tena.
Kisha akatoa mizani ya wanunuzi wa dhahabu wa Migori,
tukailaza ncha juu yake:
gramu mbili na nusu.
Tembe nne za Panadol.

Hapo ndipo nilipoikumbuka thumni.
Zedekia aliigandisha kwa lami kichwani mwa mkono wa kinanda
ili sindano isiruke tukicheza.
Sakafu ilikuwa ya mbao, nyumba ya reli,
na yeye alicheza kwa visigino.
Miaka kumi na miwili thumni ile ilikuwa ikilima.
Ndiyo maana tulizozipenda zimechakaa
hadi mwimbaji ana kikohozi,
na ile ya kwaya aliyotuletea wifi
haina hata mkwaruzo.

Nyambok akaweka moja ya zile za kikohozi.
Gitaa la kwanza likaingia, la pili likalijibu,
halafu stima, kwa desturi yake, ikaenda zake.
Maseremala wakapiga mluzi.
Spika kimya. Sinia bado lazunguka, kwa mazoea tu.

Nikainama, sikio karibu na ncha.
Ilikuwa inaimba.
Peke yake, bila waya, bila spika ya Ahero,
nyembamba kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua,
lakini gitaa lile lile, na yule yule akikohoa.
Nikaweka kidole ukingoni, nikaendelea kulizungusha,
jicho kwenye saa,
plasta ikipita, plasta ikipita,
kisigino changu cha kulia kimeshaanza,
na Nyambok amesimama na bisibisi yake,
bei bado hajaitaja.