Deni la Bata Mmoja

Kamera niliuziwa na binamu yangu Ilgvars,
aliyeacha kupiga picha za harusi
baada ya ndoa yake mwenyewe kuvunjika.
Lenzi ina mkwaruzo. Stendi ina mguu mmoja mfupi.
Mimi ni mpishi wa shule huku Latgale, mashariki ya Latvia;
najua kupima chumvi ya watoto themanini,
ila mbingu sikujua inapimwa kwa kijiko gani.

Picha ya kwanza: nusu dakika, Andromeda.
Nyota zikatoka kama mchele uliomwagika,
kila punje imelala upande uleule.
Nikailaumu lenzi. Nikamlaumu Ilgvars.
Kumbe ni dunia, haitulii hata kwa heshima ya mgeni.

Nikajifunza polepole, kama mtu katika jiko la mwenzake.
Ile alama ya umbali usio na mwisho ni mwongo wa kuzaliwa:
tafuta nyota kali, ikuze kwenye kioo,
zungusha kwa pumzi, si kwa vidole,
mpaka ibaki tundu la sindano; kisha bandika plasta,
usiguse tena, hata ukiitwa na mama yako.
Nikabana kidogo jicho la lenzi,
nyota za pembeni zikaacha kuota mabawa.
Gunia la viazi nikalitundika chini ya stendi, ikatulia.
Soksi ya mchele wa moto nikaifunga shingoni mwa lenzi,
umande ukatafute wa kumlilia.

Na nikaacha uchoyo wa nusu dakika.
Sekunde mbili tu. Tena mbili. Tena mbili.
Kibaba hujazwa hivyo hivyo, hata kibaba cha nuru.

Ilibaki taa ya Donats.
Taa ya ghala, nyeupe, isiyojua aibu,
ilimwagika uani kwangu mpaka kwenye mto wa kulalia.
Nikaenda na mkate mweusi. Nikamwambia: izime, usiku mmoja.
Akatafuna. Akasema, "Taa ile ni ya mbweha.
Nina mabata bukini kumi na mmoja. Nani atawalinda?"
Nikasema, mimi. Si nitakuwa macho?

Usiku usio na mwezi, Septemba, baridi ya kung'ata masikio.
Giza likarudi kama mpangaji wa zamani mwenye ufunguo wake.
Kilimia kikachomoza nyuma ya ghala; sikukijali.
Kamera ikakohoa: ka, ka, ka,
mara elfu moja mia moja na arobaini.
Halafu kifuniko juu ya lenzi, picha hamsini za giza tupu,
ili kompyuta ijue chengachenga zipi ni za kamera
na zipi ni za mbinguni.
Alfajiri, fulana nyeupe juu ya lenzi,
ili vumbi nalo lihesabiwe.
Mabata walipiga kelele kidogo.
Nilidhani wanaota.

Asubuhi walikuwa kumi.

Siku tatu kompyuta ilipanga picha moja juu ya nyingine
ikihema kama ng'ombe mwenye mimba.
Nilitaka kuipaka zambarau, kuipaka dhahabu,
nikajizuia: mchuzi mbovu ndio unaofichwa kwa pilipili.
Ikatokea. Si moshi tena: yai la nuru lililolazwa upande,
na ukingoni, ukitazama kwa jicho la pembeni,
uzi mweusi wa vumbi, mwembamba kama unywele kwenye sahani.
Dakika thelathini na nane za nuru
iliyoondoka huko kabla hapajawa na mtu wa kuiita jina.

Nikampelekea Donats, imechapishwa,
na pesa ya bata ndani ya bahasha.
Pesa alirudisha. Picha akaisogeza dirishani,
akavaa miwani, akaivua, akasugua kwa kidole gumba.
"Bata wangu yuko wapi hapa?"
Nikamwonyesha uzi mweusi.
Akanyamaza muda mrefu.
"Hafifu," akasema. "Ukipata giza zaidi, ataonekana?"
Saa kumi za nuru, nikasema, labda ishirini.
Akahesabu mabata wake kwa midomo.

Jana taa ilizimwa mapema.
Alikuja mwenyewe na kiti, na rungu,
akakaa kando yangu akiipa mbingu mgongo.