Nazi za Kongowea, Damu ya Makadara

Mkokoteni wa nazi, ulimgonga ubavu,
Akacheka mpagazi, akasema ni uchovu;
Haikuchubuka ngozi, na nguo yake ni kavu,
Kumbe kisima cha mbavu, kimepasukia ndani.

Usiku wa Makadara, viganja vimepauka,
Tabibu wetu Zuhura, tumbo kagusa kwa shaka;
Mashine yatoa sura: weusi umezunguka.
“Ni damu! Haya, haraka, mpelekeni mezani!”

Wenzake wakajipanga, damu yao wakampa,
Mikono yanuka unga, ikijaza kila chupa;
Bandama akalitenga, bakulini kalitupa.
Akazinduka kwa pupa: “Nazi zangu kala nani?”