Chungu cha Tisa

Nilianza na duara, ada ya mchoraji mvivu.
Boriti kumi na nane za kukodi kwa Bwana Shee,
kwa sharti moja: zisiguswe na msumari.
Basi kamba, fundo juu ya fundo, na makuti,
na vyungu tisa vya kutundika
usawa wa sikio la mtu mzima,
viwili chini zaidi, vya watoto.
Ndani ya kila chungu spika ndogo kama kaimati.
Siku saba tu, Mkunguni, mbele ya ngome,
kisha kila kitu kirudi kwa mwenyewe.

Sikio halipiti kichwa, hunena watu.
Nilitaka banda ambamo linapita.

Maka Doza alitoka Mangai kwa pikipiki, kisha boti,
ushungi wa manjano, vumbi hadi kwenye nyusi.
Akaugeuza mchoro wangu juu chini.
"Mlango wa kutokea uko wapi,
mtu akichoshwa na hadithi?"
Sikuwa nimeuchora.
Nikafuta nusu ya ukuta. Akasema, futa tena.
Kwao Waaweer, alisema, hadithi husimuliwa kwa mwendo,
mtu nyuma ya mtu; wa mbele haongei na uso wako,
anaongea na njia.
Duara langu likawa njia iliyopinda.

Tulirekodi siku tatu kwenye chumba cha juu, Mkomani,
tukingoja punda wanyamaze.
Hawakunyamaza. Wamo.
Yumo nyati aliyeazima kwato asizirudishe,
kimo kikohozi cha Maka,
na kicheko chake alipolisahau jina la mume wa kwanza.

Siku ya nne alipiga mluzi.
Wa kumwita ndege wa asali:
mrefu, ukakatika mwishoni kama uzi ung'atwao.
Malaika walinisimama. Nikasema,
hiki ndicho chungu cha tisa, cha katikati.
"Futa," akasema.
"Lakini Mama, huu ndio..."
"Ndege akiusikia atakuja. Mzinga uko wapi hapa?
Nta yake iko wapi? Utampa waya?
Hatujapata kumwita kwa uongo."

Nikafuta mbele yake. Kidole kilitetemeka, sikatai.

Kamati ilipita na karatasi zake,
ikakigonga chungu cha tisa kwa kalamu,
ikaandika: kimoja kibovu.

Bwanaheri, mwana wa muuza mahamri,
alikitia kichwa hadi adhana ya adhuhuri.
Umesikia nini?
"Kuna mtu anapumua," alisema.
"Ananingoja mimi nianze."

Siku ya nane tulifungua mafundo.
Maka alikibeba chungu kile mapajani, botini,
mdomo wake juu.
"Nitakitia asali," alisema, "msitu ukifunguliwa."

Boriti zilirudi kumi na saba.
Ya kumi na nane, Bwana Shee ananidai mpaka leo.