Kiuno cha Mpira

Tangu asubuhi nimefupisha suruali nne,
zote za michezo, zote za watu wasiocheza.
Theluji ya Gyumri imeziba nusu ya dirisha,
na katika nusu iliyobaki naona miguu tu ikipita:
raba nyeupe, raba nyeupe, raba ya kijani,
milia miwili ikishuka kutoka pajani
kama reli iliyosahauliwa na treni.

Mimi ni Vardges, fundi suti.
Nimewavisha sufu maharusi wa mtaa mzima,
nikiwapima mabega nao wamebana pumzi,
maana suti haimkubali mtu mpaka asimame wima.
Siku hizi naletewa vitambaa vinavyong'aa
kama maganda ya vitunguu,
na zipu zilizong'oka meno.
"Leo leo, fundi. Bei ya rafiki."

Namuuliza Hrant, mwana wa muuza matairi:
Unakimbia?
"Nikimbie nini?"
Unapiga ndondi?
Anacheka, anatema ganda la alizeti.
Trakisuti hiyo ameivaa benki, ameivaa kanisani,
ameivaa kwenye posa ya dada yake
na mahakamani, ambako hakimu, wanasema,
alikuwa na raba chini ya joho.

Nikasema: dunia imevaa nguo za mbio
na hakuna anayekwenda popote.
Niliipenda sentensi hiyo.
Niliirudia kwa kila mteja
hadi Arpine, mke wangu, akaniambia
imeshachakaa magotini.

Mwezi wa pili goti langu la kushoto,
lile la pedali, likaumuka kama unga wenye hamira.
Suruali yangu ya sufu, niliyoishona mwenyewe,
ilifika hapo ikagoma.
Arpine hakusema neno.
Aliniwekea kitandani trakisuti ya buluu
aliyoiacha Narek wetu
alipokwenda Krasnodar kumwaga zege.
Naijua. Niliwahi kuifukuza dukani:
usiniingilie humu na nguo ya kulalia,
wateja watasema fundi hana mtoto.

Niliivaa kama mtu anayeiba.
Haina kifungo. Haina kulabu.
Kiuno cha mpira, na mpira wenyewe wa kupiga haupo,
kilinizunguka bila kuuliza
tumbo hili lilikuwa inchi ngapi mwaka gani.
Kikavutika, kikarudi, kikatulia.
Miaka arobaini nimeshona nguo za saa tatu za sherehe.
Sikuwahi kujiuliza
watu wakishazivua wanabaki na nini.

Halafu nikatia mkono mfukoni.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema,
ila hawakunitajia kwamba ni mfuko wa kushoto.
Vidole vyangu vilikuta mshono.
Nikaugeuza kwenye taa:
uzi mweusi juu ya buluu, hatua ndefu, hatua fupi,
fundo tatu mahali pa moja,
mkono wa mtu aliyejichoma sindano na kuendelea.
Mwana wa fundi!
Mfuko ulimchanikia, na cherehani tatu zilikuwa chini ya ngazi,
naye akakaa chumbani akajishonea gizani
kuliko kuniletea.

Nilichukua wembe niufumue, niushone upya,
dakika mbili tu, kazi safi.
Wembe ukakaa mkononi mpaka chai ikapoa.

Hrant aliingia na zipu nyingine.
Akanitazama kuanzia chini,
mguu wa suruali ukiburuta sakafuni,
maana Narek ananizidi kimo.
"Fundi," akasema, "hiyo ikatwe."
Alikuwa na haki. Kwa jicho la kazi, vidole vinne.

Nilipiga mstari wa chaki.
Nikakunja kwa ndani, nikakunja tena,
nikapitisha uzi mwepesi, ule wa kujaribia,
ambao ukivutwa ncha moja
unatoka wote.