Kilomita ya Kumi na Saba

Kigorobya. Buldoza limezimwa tangu Jumanne.
Dereva amelala kivulini mwa koleo lake,
kofia usoni.

Sisi tunachekecha.
Ndoo ya kwanza: kizibo cha soda.
Ya pili: mizizi, konokono, betri iliyovuja.
Ya tatu, Kabasinguzi akanyamaza,
na Kabasinguzi si mtu wa kunyamaza.

Kigae. Hakizidi ulimi wa mbuzi.
Juu yake alama za kamba iliyosokotwa
ikaviringishwa kwenye udongo mbichi,
na pembeni, kidole gumba kilichoteleza.

"Miaka mingapi?" Mhandisi, jicho kwenye saa.
Daktari Isingoma akajikuna shingo:
labda elfu moja, labda mbili,
labda ni jaa tu la mtu aliyevunja chungu.
Mhandisi akaandika: *labda*.

Kwetu Bunyoro humwamkii mtu bila empaako,
jina lile la kumkunjua uso.
Nikainamia shimo, mvua inanukia,
nikajaribu: Abwooli? Akiiki? Adyeri?
Udongo haukuitika.
Kabasinguzi akaweka kidole gumba chake
pale kilipoteleza kile.
Kikaenea.
Kisha mfuko, kalamu, namba arobaini na moja.

Ijumaa injini ikanguruma.
Lami itapita; wajawazito wa Butiaba watawahi hospitali,
nami nitapanda basi, sitasusa.
Ila tukifika hapa
nitazitaja chini kwa chini empaako zote ninazozijua,
na konda atadhani nahesabu nauli.