Nusu Bei

Saa kumi alfajiri gari lilitutapika kileleni,
watu kumi na mmoja na mablanketi ya hoteli,
kila mmoja akifuata mwanga wa simu yake
kama kuku afuataye punje.
Chini, Kalimpong ilikuwa imelala
juu ya uti wa mgongo wa kilima, ubavu huku, ubavu kule.
Tulikuja kuuona Kanchenjunga ukivikwa dhahabu.
Ndivyo ilivyoandikwa kwenye risiti.

Ukungu haukusoma risiti.

Ulikaa. Ulikaa kama mgeni asiyejua habari za jembe la siku ya tatu.
Kufika saa kumi na mbili, bwana mmoja wa Patna alikuwa akidai nauli yake,
na bibi harusi akapigwa picha mbele ya weupe mtupu,
meno yakigongana katikati ya tabasamu.
Mmoja mmoja wakashuka kwenda kutafuta mkate wa moto.
Mimi nikabaki, wala si kwa imani:
kiatu changu kilikuwa kimekatika kamba.

Hapo ndipo Norkit alipoona mteja.
Sweta la kiume, kitambaa kichwani, darubini shingoni
iliyofungwa plasta pale ilipopasuka.
"Mlima ni rupia hamsini," alisema,
"lakini leo mlima haujaja kazini.
Chukua mji. Mji ni nusu bei."

Nikachukua mji.
Upande ule ukungu ulikuwa umeshaanza kuchanika.
Akaniongoza kwa maneno, polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba:
Shuka. Bado. Paa la bati, la kijani.
Kushoto kidogo, tangi la maji na foleni ya ndoo,
ndoo zenyewe tu, wenye ndoo wamerudi kulala.
Mtu anapiga mswaki katikati ya barabara
kana kwamba barabara ni ya babake.
Mtawa mdogo anafukuza soksi iliyopeperushwa.
Na maua, kila dirisha maua,
hata lile lililozibwa kwa gazeti.

"Sasa tafuta uwanja wa mpira.
Utaona tepe mbili nyekundu kwenye nywele za binti.
Nitazamie. Jicho langu hili lina mtoto wa jicho.
Huyo ni Ongmit wangu, anakwenda shule."

Mimi ni karani wa bima. Miaka ishirini na miwili
nalipwa kuandika kilichoonekana, na nani, na saa ngapi.
Basi: saa moja na dakika nane niliziona tepe
zikitokea nyuma ya goli. Zikasimama.
Mikono miwili ikazifungua, upande mmoja, upande wa pili,
ikazikunja vizuri, ikazitia mfukoni.
Pikipiki ilikuwa inangoja kwenye kona ya kiwanda cha mikate.
Akapanda bila kushikwa mkono,
kama mtu aliyepanda mara nyingi.

"Umemwona?"

Baridi ilikuwa imenikamata midomo. Au niseme woga.
"Ukungu," nikasema. "Umefika hadi uwanjani."

Norkit hakunipokonya darubini.
Aliutazama mji kwa macho yake yaleyale,
mji uliokuwa wazi kama sinia lililosuguliwa kwa jivu.
"Jana," akasema, "yule Mjerumani naye aliona ukungu.
Juzi, mama mmoja wa Chennai.
Mna huruma nyinyi wageni.
Ila ukungu wenu una magurudumu mawili,
na silensa yake imetoboka, naisikia hadi huku."

Akafuta lenzi kwa ncha ya kitambaa.
Nikampa noti ya mia, nikamwambia abaki nayo. Akakataa.
Akatafuta chenji kwenye soksi, kwenye kikopo, kwa muuza chai,
akanihesabia kiganjani rupia sabini na tano,
akakosea, akaanza upya.
Tulikuwa tumeziinamia sarafu hizo
muuza chai alipopiga ukelele: "Umetoka! Mlima umetoka!"

Tulipogeuka
kulikuwa na ukungu tu,
na kidole cha muuza chai, bado kimenyooka.