Kitako cha Sado

Mwalimu Rwegoshora aliandika ubaoni, chaki ikimkatikia:
Kila aibaye ni mwizi.
Fulani ameiba.
Akafuta vidole kwenye suruali, akatugeukia:
"Malizieni."
Darasa zima likamalizia. Nami nikamalizia,
kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini ya "kwa hiyo."

Jumamosi nikashuka Kirumba, mwaloni,
kumsaidia shangazi Nyanzobe kupima dagaa.
Nikatia mkono ndani ya sado yake kupangusa mchanga,
kiganja kikagusa mlima.

Kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo, kikabonyea kwa ndani:
mlima mdogo, laini, wa miaka mingi,
uliong'arishwa na dagaa waliopita juu yake.

Nilihesabu. Si ndiyo kazi niliyotumwa shule?
Konzi moja kila sado,
konzi kwa konzi mpaka godoro la bweni,
mpaka ada ya muhula,
mpaka kitabu cha mantiki nilichotoa fotokopi Nyegezi,
kurasa za kati zikatoka zimefifia.

Kauli ya kwanza naijua.
Kauli ya pili imekaa kwenye kigoda, khanga kiunoni,
inaniuliza kama nimekunywa chai.

Daftari langu lina sehemu ya Maadili.
Wapo wasemao: tazama matokeo.
Nayatazama. Yana viatu vyangu miguuni.
Wapo wasemao: haki itendeke hata mbingu zianguke.
Mbingu za Mwanza zikianguka
zitaanza na mabati ya Mabatini.

Akaja mama mmoja kutoka Misungwi, mtoto mgongoni,
akanunua sado mbili, akaomba nyongeza.
Shangazi akachota konzi, konzi ya kushiba,
akamiminia: "Hii ya mtoto."
Yule mama akashukuru mara tatu.
Nami nimesimama, nikipima kwa macho
kama nyongeza ni kubwa kuliko mlima,
au ni mlima uleule
uliorudi umevaa sura ya wema.

Jioni, tukikunja turubai, nikauliza:
"Shangazi, hii sado ilipatwa na nini?"
"Ilianguka."
Akafunga fundo la turubai, akalifungua, akalifunga tena.
"Hapa sado ya kila mtu ilianguka, mwanangu.
Isiyoanguka ilishafunga biashara."

Kila. Isiyo.
Hajawahi kukaa darasani hata siku moja.

Mtihani wa Alhamisi, swali la tatu:
Je, hoja hii ni halali?
Nikaandika: Halali.
Kisha nikalitazama lile neno
mpaka likaacha kuwa la mantiki,
likawa la nyumbani, la sahani, la kumeza.

Jumamosi nyingine nikaiosha sado ziwani,
nikaiacha juu ya jiwe, imefudikizwa.
Maji kidogo yakabaki kwenye kitako,
yangeyange akashuka, akanywa.
Kwa ndani mlima; kwa nje bakuli.
Nikafurahi kama mtu aliyeokota jibu,
nikaliandika kwenye daftari, nikampelekea Rwegoshora.

Akalirudisha na wino mwekundu pembeni:
Mfano si hoja.

Kweli.
Na nyundo ipo, chini ya kigoda.
Nimeiona. Mpini wake mpya.